Apolo wa Mboga

Fungueni ramani ya Afrika, mtazame pale Uganda inapopakana na Kongo. Mtaona ziwa refu liitwalo Ziwa Albert, na kusini yake milima ya Ruwenzori, ambayo vilele vyake vina theluji ingawa iko karibu sana na ikweta. Kati ya ziwa na milima hiyo hupita mto Semliki, katika bonde pana lenye joto kali. Mtu akitoka Toro, upande wa Uganda, hushuka bondeni, huvuka mto, kisha hupanda genge la upande wa pili, ndipo afike katika nchi ya Mboga. Nyuma ya Mboga, kwa upande wa magharibi, ni mwitu wa Ituri, mwitu mkubwa ambao jua halifiki chini ila kwa vipande vipande. Ishikeni sana ramani hiyo, maana somo hili lote ni habari ya njia ile: mtu mmoja aliipita, akarudishwa amefungwa, akaipita tena.

Mtu huyo alizaliwa Buganda karibu na mwaka 1864. Alikuwa pacha, na kwa desturi ya Waganda pacha mwanamume atanguliaye kuzaliwa huitwa Waswa; basi ndilo jina alilopewa. Alikua katika siku za taabu. Tangu mwaka 1888 nchi ya Buganda ilikuwa na vita vya dini, Waislamu na Wakristo wakigombania enzi, na baadaye Wakristo wenyewe kwa wenyewe. Naye, kama vijana wengine wa wakati wake, aliingia vitani. Hakuwa mtoto aliyelelewa misheni tangu utotoni. Alibatizwa mwaka 1895, mtu mzima wa miaka kama thelathini, akapewa jina la Apolo. Jina la pili, Kivebulaya, walimpa watu kwa mzaha, kwa sababu alipenda kuvaa koti jekundu la askari juu ya kanzu yake. Maana yake ni kitu kilichotoka Ulaya. Mzaha ule ukamshika hata kufa, wala hakuona haya kuandikwa kwa jina hilo.

Mwaka ule ule wa 1895 alijitoa kwenda Toro kufundisha, na mwaka uliofuata akapelekwa Mboga. Waalimu wawili walikuwa wamemtangulia huko. Mtawala wa nchi, jina lake Tabaro, hakuwataka. Akawazuia watu wasiwape chakula, nao walipozidiwa na njaa wakarudi kwao. Sithubutu kuwalaumu. Mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha nilipelekwa mahali ambapo wazee walikuwa hawataki shule, na wanafunzi walioanza thelathini wakapungua hata wakabaki saba. Sikunyimwa chakula hata siku moja, walakini usiku niliandika barua mbili za kuomba nirudishwe nyumbani, nikazichana asubuhi. Ya tatu niliipeleka. Haikujibiwa, na hiyo ndiyo sababu nilibaki, si ushujaa. Kwa hiyo niwasomapo wale wawili, nawaonea huruma, na nimsomapo Apolo, nastaajabu.

Apolo alipofika, alishika jembe, akajenga, akafundisha kusoma. Aliwaambia watu waache hirizi na ulevi. Hapo Tabaro alikasirika. Nasi tusimhukumu upesi. Mtawala akimwona mgeni amekuja kutoka nchi yenye nguvu, na nyuma ya mgeni huyo wako Wazungu wenye bunduki, naye mgeni awaambia watu waache mambo ya baba zao, huona kiti chake kinatikiswa. Tabaro hakuweza kujua kwamba mgeni huyu hakutaka kiti cha mtu. Akaamuru apigwe, na kanisa lake la miti na majani likateketezwa kwa moto. Apolo akajenga jingine.

Kisha likatokea jambo baya kuliko kupigwa. Katika kazi ya kujenga nyumba ya Apolo, palikuwa na mkuki uliowekwa pale. Dada yake Tabaro akaanguka juu yake, ukamchoma, akafa. Haikuwa kusudi la mtu yeyote. Lakini fikirini: yule asiyetakiwa, nyumba yake, na ndugu wa mtawala amekufa mlangoni pake. Apolo alishtakiwa kuwa ni mwuaji. Akafungwa minyororo, akashushwa bondeni, akavushwa Semliki, akaletwa mpaka Toro na kutiwa gerezani.

Siku zile hakuwa kasisi wala shemasi. Alikuwa mwalimu tu, wa cheo cha chini, mwenye mshahara mdogo. Hakuna ambaye angemcheka kama angalisema, Nimejaribu, imetosha. Na huko gerezani alikuwa na huzuni nyingi. Mwenyewe alisimulia baadaye kwamba usiku mmoja alimwona Bwana Yesu aking'aa kama jua, akamwambia ajipe moyo, aende kuhubiri katika mwitu, kwa maana Yeye yupo pamoja naye. Mimi sikuwako, wala sina la kuongeza juu ya maneno ya mwenye kuona. Naweza kuwaonyesha tu yale aliyoyatenda baada ya usiku ule.

Kabla hamjasoma mbele, fungeni kitabu kidogo. Kila mmoja ajiulize kwa siri, asimwambie jirani yake: Mimi ningalifunguliwa gerezani, je, ningalirudi Mboga, au ningaliomba nipewe kijiji kingine? Vijiji vilikuwa vingi, na waalimu walikuwa wachache. Mtu angaliweza kumtumikia Mungu Toro, karibu na wenziwe, akala akashiba, wala asihesabiwe kuwa ametoroka. Swali hili si jepesi kama lionekanavyo, kwa sababu njia ile nyingine nayo ilikuwa njema.

Apolo hakuonekana na hatia, akaachiliwa. Akarudi Mboga.

Tabaro alipomwona, alishangaa. Alikuwa ameuona uvumilivu wa watu waliotegemea kulipwa, na ushujaa wa watu waliotegemea silaha; huyu hakuwa na malipo ya kutosha wala hakuja na silaha. Baada ya muda yule mtawala alitaka kufundishwa yeye mwenyewe, akabatizwa akaitwa Paulo. Watu waliokuwa wakija kusoma kwa kujificha wakaja mchana.

Miaka iliyofuata naipita upesi, ingawa ilikuwa mingi. Apolo alifanywa shemasi mwaka 1900, na kasisi mwaka 1903. Mke wake alikuwa amekwisha kufa zamani, naye hakuoa tena. Alifanya kazi sana upande wa Toro, akisafiri kwa miguu kuyaangalia makanisa madogo, na mara kwa mara akiwazuru watu wa Mboga. Miaka ya namna hii haina hadithi ndani yake: kuhesabu wanafunzi, kupatanisha waliogombana, kuezeka paa lililoliwa na mchwa. Waandishi huiruka, nami nimeiruka sasa hivi, walakini ndiyo iliyo mirefu kuliko yote katika maisha ya mtu wa kazi, na wengi waliosimama imara gerezani huchokea hapo.

Ndipo jambo la mipaka likaingia. Mwaka 1910 Waingereza, Wabelgiji na Wajerumani walipatana juu ya mipaka ya nchi walizozitawala, na Mboga ikawekwa upande wa Kongo ya Wabelgiji. Watu wa Mboga hawakuhama hata hatua moja, ila nchi ilihama juu yao. Sasa kanisa lao lilikuwa katika dola moja, na askofu wao katika dola nyingine. Ingalikuwa rahisi kuwaacha. Apolo alikuwa amepita miaka hamsini. Aliomba kurudi, akahamia Mboga kukaa kabisa, akawa mgeni kwa mara ya pili mahali pale pale.

Tangu mwaka 1921 aligeuza uso wake kuelekea mwituni kwenyewe. Humo waliishi Wambuti, watu wafupi wa kimo, wawindaji hodari. Watu wengi huwaita mbilikimo, na mara nyingi hulisema jina hilo kwa dharau. Ninyi semeni Wambuti. Hawakulima. Waliwinda kwa mishale na nyavu, wakachuma asali na matunda, na nyama yao wakaibadili kwa ndizi za wakulima waliokaa ukingoni mwa mwitu. Vibanda vyao walivijenga kwa fito na majani mapana, wakakaa humo muda kidogo, kisha wakahama kufuata mawindo.

Mnaona taabu ya mwalimu? Shule ni nyumba isiyokwenda, na watu hawa walikwenda. Mwalimu akijenga darasa leo, baada ya wiki kadhaa hana mwanafunzi, si kwa sababu wamemkataa, bali kwa sababu nyama imehama. Apolo, ambaye kanisa lake la kwanza lilichomwa moto, alijifunza sasa kufanya kazi pasipo nyumba: aliwafuata walipokwenda, akaketi nao chini, akajifunza usemi wao neno kwa neno. Pamoja na wasaidizi wake akashughulika kuigeuza Injili ya Marko kwa lugha yao. Yeye Mganda mzee, aliyekwisha kujifunza usemi wa Toro na wa Mboga, akaanza tena lugha nyingine kama mtoto wa darasa la kwanza, akikosea na kuchekwa na watoto wa kambini.

Mwaka 1922 alipewa heshima ya kuwa kanoni wa kanisa kuu la Namirembe, kule Buganda kwao. Alishukuru, akarudi Mboga.

Kutokana na kazi iliyoanzia pale, Kanisa la Kianglikana lilienea katika nchi ya Kongo, na mwaka 1992 likawa jimbo kuu linalojitawala. Hayo yeye hakuyaona. Aliyoyaona ni makanisa madogo ya majani, na waalimu wachache aliowafundisha mwenyewe.

Mwaka 1933 alikuwa mgonjwa, tena mzee. Akataka afie Mboga, na huko alikufa tarehe 30 Mei. Kabla ya kufa aliwapa watu wake agizo moja lililowashangaza. Desturi yao ya Kikristo ilikuwa kumlaza maiti akielekea mashariki, penye mapambazuko. Na kwa Apolo mashariki ndiko kulikokuwa na Semliki, na Toro, na zaidi ya Toro Buganda alikozaliwa. Lakini yeye aliwaambia wamlaze kichwa chake kikielekea magharibi, penye mwitu, kwa kuwa kazi ya upande ule ilikuwa haijaisha. Wakachimba kaburi hivyo, wakamzika kama alivyosema.