Kamera Mbele ya Ngoma: Mafunzo ya Filamu za Muziki kwa Watafiti wa Sengenya Katika Matuga

Utangulizi

Mwanafunzi wa fasihi simulizi hufundishwa mapema kwamba wimbo haukamiliki katika karatasi. Ruth Finnegan, katika kitabu chake kuhusu fasihi simulizi ya Afrika kilichochapishwa mwaka wa 1970, alisisitiza kwamba utendaji ni sehemu ya kazi yenyewe wala si pambo lake. Hata hivyo, aghalabu mtafiti arudipo kutoka nyanjani huja na daftari la maneno na ukanda wa sauti tu. Sura ya fanani, mwendo wa mguu, kicheko cha hadhira na namna kiitikio kinavyopokelewa hubaki kule kule uwanjani.

Upungufu huu una historia. Siti binti Saad wa Zanzibar alirekodi nyimbo zake mjini Bombay mwaka wa 1928, na santuri hizo ndizo zilizowawezesha walimwengu kuijua sauti yake baada ya kifo chake mwaka wa 1950. Lakini santuri huhifadhi sauti peke yake. Haihifadhi ishara ya mkono wala jicho la mwimbaji linapomwelekea mlengwa wa fumbo. Filamu inaweza kuziba pengo hilo, ingawa nayo huweza kufungua pengo jingine.

Makala haya yanachunguza baadhi ya filamu za muziki zinazojulikana, za Afrika Mashariki na za kwingineko, kwa nia ya kumwandaa mtafiti anayekusudia kupeleka kamera Matuga, katika Kaunti ya Kwale, kuihifadhi ngoma ya sengenya. Hoja yake ni kwamba filamu ya muziki huifaa taaluma ya Kiswahili pale tu inapotimiza masharti matatu: kulihifadhi neno, kuihifadhi hadhira pamoja na fanani, na kumrudishia mwenye ngoma kilicho chake.

Aina mbili za filamu za muziki

Ni vyema kwanza kutofautisha aina mbili. Ya kwanza ni filamu ya onyesho, ambayo shabaha yake ni kunasa tamasha moja au zaidi, wimbo baada ya wimbo. Ya pili ni filamu ya hali halisi, ambayo husimulia maisha ya mwanamuziki, historia ya kikundi au mabadiliko ya mtindo fulani, na nyimbo huingia kama ushahidi wa simulizi. Filamu nyingi huchanganya aina zote mbili. Tofauti hii ina maana kubwa kwa mtafiti. Katika filamu ya onyesho, wimbo una nafasi ya kusikika kutoka mwanzo hadi mwisho. Katika filamu ya hali halisi, mara nyingi wimbo hukatwa baada ya beti moja au mbili ili msimulizi aendelee. Anayetaka kuchambua muundo wa wimbo hawezi kuridhika na beti mbili.

Bi Kidude: fanani aliyetangulia mbele ya kamera

Hakuna fanani wa pwani ya Afrika Mashariki anayefaa zaidi kuanza naye kuliko Fatuma binti Baraka, maarufu kwa jina la Bi Kidude, mwimbaji wa taarabu na mpiga msondo wa Unguja. Mwaka wa 2005 alipewa tuzo ya WOMEX, na mwaka uliofuata Andy Jones akatoa filamu iitwayo As Old as My Tongue kuhusu maisha yake. Thamani ya filamu hiyo ni kwamba inamtoa Bi Kidude katika jukwaa la ugenini na kumrejesha katika mazingira yake, hata mtazamaji akaona kwamba sauti ile nzito ina mtaa wake na watu wake.

Filamu ya pili ya mwongozaji huyo huyo, I Shot Bi Kidude, ilitoka mwaka wa 2015, miaka miwili baada ya Bi Kidude kufariki tarehe 17 Aprili 2013. Hii ina uzito wa aina nyingine. Inafuatilia mvutano wa siku zake za mwisho, pale ilipozuka sintofahamu kuhusu mahali alipo na nani mwenye haki ya kumsemea. Swali linalomkabili mwanafunzi ni hili: je, mwenye kamera ni shahidi tu, au yeye pia ameingia katika ugomvi?

Jambo jingine linahusu unyago. Bi Kidude alikuwa pia kungwi, na unyago ni mafunzo yenye mlango. Kuna wanaoruhusiwa kuingia na wasioruhusiwa. Kamera haina jando wala unyago. Ikiingia ndani, imemwingiza kila atakayeitazama filamu hiyo. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza picha itapigwaje, mtafiti hana budi kuuliza kama picha yapasa kupigwa.

Neno ndani ya picha

Taarabu ni ushairi kabla ya kuwa muziki. Filamu ya Ron Mulvihill, Poetry in Motion, iliyotoka mwaka wa 2016, inasimulia miaka mia moja ya Nadi Ikhwan Safaa, kikundi cha Zanzibar kilichoanzishwa mwaka wa 1905. Jina lenyewe la filamu linakiri kwamba kiini cha sanaa hiyo ni shairi.

Tatizo linajitokeza katika maandishi yanayopita chini ya picha. Nafasi yake ni mstari mmoja au miwili, na muda wake ni sekunde chache. Fumbo la Kiswahili halitoshei humo. Jahazi katika wimbo huweza kuwa ndoa, na njiwa huweza kuwa mpenzi. Mfasiri akiandika maana ya juu tu, mtazamaji wa mbali ataona wimbo unaohusu ndege na vyombo vya bahari. Akiandika maana ya ndani, amelifumbua fumbo ambalo mtunzi alilificha kwa makusudi. Vina na mizani ndivyo vinavyopotea kwanza.

Kwale inaongeza ugumu wa lugha yenyewe. Kidigo na Kiswahili ni ndugu wa karibu, na ukaribu huo ndio mtego. Kamusi ya Kidigo iliyotolewa mwaka wa 2004 inaitwa Mgombato, neno linalotokana na kugomba, ambalo kwa Kidigo ni kusema. Mzungumzaji wa Kiswahili sanifu asikiapo kugomba hufikiria kukaripia au kuteta. Mfasiri asiyejua Kidigo, akitegemea masikio ya Kiswahili pekee, anaweza kuyageuza mazungumzo ya upole yakawa magomvi. Kusini zaidi, kuelekea Funzi, Wasini na Vanga, kuna Kichifundi na Kivumba, nazo ni lahaja zenye msamiati na sauti zake. Maandishi yakisanifisha yote, filamu itakuwa imeifuta lugha iliyodai kuihifadhi.

Hadhira nayo ni sehemu ya wimbo

Kuhusu hadhira, funzo zuri latoka mbali. Filamu ya Woodstock ya Michael Wadleigh ilitoka mwaka wa 1970, ikionyesha tamasha lililofanyika Marekani mwezi wa Agosti 1969, nayo ikashinda tuzo ya Oscar ya filamu ya hali halisi. Wahariri wake waliigawa skrini, hivi kwamba picha mbili au tatu zilionekana kwa wakati mmoja: mwanamuziki upande huu, umati upande ule. Hata mfanyakazi aliyekuwa akisafisha vyoo alipata nafasi ya kuzungumza. Tamasha likaonekana kuwa kazi ya watu wengi, si ya waliosimama jukwaani pekee.

Mbinu hiyo inaafiki sana ngoma za Kiafrika, ambamo mpaka kati ya fanani na hadhira ni mwembamba. Katika sengenya kuna wapigaji wa ngoma za ukubwa tofauti, mpiga upatu, mpiga zumari ambaye hujaza mashavu pumzi ili sauti isikatike, waimbaji na wachezaji. Aliyekuwa akitazama sasa hivi anaweza kuingia uwanjani mara moja. Kamera moja inayomng'ang'ania mpiga zumari kwa sababu anapendeza kutazamwa itamkosa mchezaji aliyeupokea mlio wake, na itamkosa bibi aliyepiga kigelegele mahali hasa pa kupigwa kigelegele.

Kanda zilizokawia

Filamu mbili zinaonyesha hatari ya kupiga picha bila mpango wa baadaye. Kuanzia tarehe 22 hadi 24 Septemba 1974, tamasha la Zaire 74 lilifanyika Kinshasa kwa mnasaba wa pambano la ndondi baina ya Muhammad Ali na George Foreman, ambalo lenyewe liliahirishwa hadi tarehe 30 Oktoba baada ya Foreman kuumia. Leon Gast alikuwepo na kamera. Filamu yake, When We Were Kings, haikutoka hadi mwaka wa 1996, nayo ilielemea ndondi. Picha za tamasha zilisubiri hadi mwaka wa 2008, Jeffrey Levy-Hinte alipotoa Soul Power. Hata hapo, waliopewa nafasi pana ni wageni kutoka Marekani, ilhali Franco na T.P.O.K. Jazz pamoja na Tabu Ley walikuwa wenyeji wa jukwaa lile. Rekodi za wasanii wa Kiafrika wa tamasha hilo zilitolewa mwaka wa 2017, miaka 43 baada ya mwangwi wake kuzimika. Franco alikuwa amefariki mwaka wa 1989, na Tabu Ley mwaka wa 2013.

Mfano wa pili ni Amazing Grace. Mwezi wa Januari 1972, Sydney Pollack alimpiga picha Aretha Franklin akiimba katika kanisa moja mjini Los Angeles kwa usiku mbili. Wapiga picha hawakutumia kile kibao kinachogongwa mwanzoni mwa kila picha ili sauti na picha zioanishwe. Kwa kukosa mgongo huo mdogo, kanda zikakaa bila kutumika kwa miaka mingi. Teknolojia ilipokuja kulitatua tatizo hilo, likazuka suala la idhini, kwani mwimbaji mwenyewe alipinga filamu isionyeshwe. Ilitoka mwaka wa 2018, baada ya kifo chake. Kasoro mbili, moja ya ufundi na moja ya makubaliano, ziliizuia kazi hiyo kwa miaka 46.

Mtafiti wa Matuga

Matuga, kuanzia Ng'ombeni na Waa hadi Tiwi, Golini, Mkongani na mji wa Kwale wenyewe, ni eneo ambalo ngoma ina mazingira mengi. Ipo ngoma ya harusi, ipo ya sherehe za umma, na ipo ya matibabu ya pepo. Sengenya vilevile huchezwa katika mashindano ya Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza mwaka wa 1927, ambamo muda hupimwa kwa dakika na washiriki huwakabili waamuzi. Ngoma ya jukwaani si batili, ila ni utendaji mwingine wenye hadhira nyingine. Kosa ni kuirekodi hiyo kisha kuiita sengenya yote. Kutokana na mifano iliyotajwa, hatua zifuatazo zinapendekezwa.

Kwanza, idhini. Mwaka wa 2008 misitu mitakatifu ya kaya za Mijikenda iliorodheshwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia, na mwaka wa 2009 mila zinazofungamana nayo zikawekwa katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Hali kadhalika, sheria ya Kenya ya mwaka wa 2016 kuhusu ulinzi wa maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni inaitambua jamii kuwa mwenye mali. Kwa hiyo ruhusa ya kijana mmoja mpiga ngoma haitoshi. Wazee waelezwe filamu itaonyeshwa wapi, nani atafaidika, na sehemu gani haitapigwa picha kabisa. Ngoma ya pepo, kwa mfano, ina mgonjwa ndani yake, na mgonjwa ana siri yake.

Pili, ukamilifu. Wimbo urekodiwe mwanzo hadi mwisho, kwa kamera mbili ikiwezekana, moja ikiwatazama wapigaji na nyingine hadhira. Kila picha ianze kwa kofi moja kubwa mbele ya kamera. Kofi halina gharama, na lingeweza kumwokoa Pollack.

Tatu, neno. Maneno yanukuliwe kwa Kidigo kama yalivyoimbwa, kisha yafasiriwe kwa Kiswahili pamoja na waimbaji wenyewe. Fumbo ambalo mwenyewe hataki kulifumbua libaki fumbo, na filamu iseme hivyo.

Nne, marejesho. Tamasha la Filamu la Kimataifa la Zanzibar limekuwa na desturi ya kupeleka maonyesho vijijini Unguja na Pemba. Filamu ya sengenya nayo ianze kuonyeshwa Matuga kabla ya kufika katika ukumbi wa chuo. Majina ya wapigaji wote waliokubali kutajwa yaandikwe, si ya kiongozi pekee, na nakala ibaki mikononi mwao.

Hitimisho

Imebainika kwamba filamu ya muziki si kioo kinachoonyesha kila kilicho mbele yake. Ni uteuzi: nani aonekane, wimbo ukatwe wapi, neno lifasiriwe vipi, kanda ikae kwa nani. Filamu za Bi Kidude zinafundisha adabu ya kumkaribia fanani. Poetry in Motion inarudisha macho kwenye shairi. Woodstock inaipa hadhira haki yake. Kanda za Kinshasa na Los Angeles zinaonya. Wazee wanaoijua sengenya ya usiku kucha hawatakuwepo daima, na kanda itakayofungiwa kabatini kwa miaka arubaini itawakuta hawapo. Wahenga walinena kuwa mcheza kwao hutunzwa. Mtafiti wa Kiswahili ana wajibu wa kuhakikisha kwamba tuzo hiyo inafika kwa mchezaji angali hai kuipokea.

Maswali ya mjadala

1. Je, wimbo uliokatwa na mhariri wa filamu bado ni data halali kwa mchambuzi wa muundo wa ushairi simulizi? Fafanua.

2. Chagua wimbo mmoja wa ngoma ya kwenu. Andika tafsiri yake ya mstari mmoja kwa kila mshororo, kisha ueleze kilichopotea.

3. Jadili mipaka ya kamera katika unyago, jando na ngoma za pepo. Nani ana haki ya kuiweka mipaka hiyo?