Kusafisha na Kutengeneza Tangi la Samaki Darasani

Utangulizi

Zana nyingi za somo la sayansi katika shule zetu za msingi ni picha, chati na vitu vilivyokauka. Tangi la samaki ni miongoni mwa zana chache zilizo hai, na kwa sababu hiyo lina thamani kubwa kwa mtoto. Lakini zana iliyo hai hudai matunzo kila siku. Makala hii yakusudia kuwaeleza wanachuo namna ya kusafisha na kutengeneza tangi lililoundwa kwa akriliki, yaani ile plastiki ngumu, angavu kama kioo, ambayo mafundi wa mabango huitumia katika kazi zao. Aidha, tunakusudia kuonyesha kwamba matunzo ya tangi ni somo kamili, wala si shughuli ya mwalimu peke yake baada ya vipindi kwisha.

Kisa kilichotufunza

Katika ziara zetu za kuwakagua wanachuo walio kwenye mazoezi ya kufundisha, tulifika katika shule moja ya mkoa wa Mbeya. Mwanachuo wetu alikuwa ameunda tangi zuri kwa vipande vya akriliki, akaweka perege wanne wadogo kutoka katika bwawa la jirani. Majuma matatu ya mwanzo darasa la tano lilichangamka mno. Katika juma la nne ukuta wa tangi ukaota mwani wa kijani, na maji yakaanza kunuka. Mwanachuo akawaamuru wanafunzi walisafishe Ijumaa alasiri.

Wanafunzi walifanya kazi hiyo kwa bidii, na waliifanya kama walivyofunzwa nyumbani kusugua masufuria. Walitumia mchanga na nyuzi za chuma. Wakamwaga maji yote, wakaosha changarawe kwa sabuni ya unga hadi ikawa nyeupe, kisha wakajaza tangi kwa maji ya bomba na kurudisha samaki papo hapo. Jumatatu asubuhi samaki wote walikuwa wakielea, nao ukuta wa tangi umekuwa na ukungu kama dirisha la asubuhi ya Julai. Msichana mmoja akauliza, "Mwalimu, mbona tumesafisha vizuri na wamekufa?" Mwanachuo akajibu kwamba samaki waliugua, akafungua ukurasa mwingine. Tulipofika, tangi lilikuwa ofisini, limejazwa chaki na madaftari ya mahudhurio.

Hatukumlaumu mwanachuo yule. Kosa lilikuwa letu wakufunzi, kwani tulimfundisha kuunda tangi na hatukumfundisha kulitunza. Swali la yule msichana halikujibiwa darasani. Tunajaribu kulijibu hapa.

Tabia ya akriliki

Kabla ya kushika kitambaa, mwalimu hana budi kuijua tabia ya kitu anachokisafisha. Chukua tangi lenye urefu wa sentimeta 60, upana wa sentimeta 30 na kimo cha sentimeta 30, lililo wazi juu, na ambalo mabamba yake yana unene wa milimeta 6. Tangi hilo likiwa tupu lina uzito wa kilo 5 hivi. Lingekuwa la kioo cha unene uleule, lingefikia kilo 11 karibu. Akriliki ni nyepesi, na ikianguka haivunjiki vipande vikali vya kumkata mtoto kama kioo. Hizo ndizo faida zake darasani.

Udhaifu wake ni wa namna mbili. Kwanza, uso wake ni laini kuliko kioo. Punje moja ya mchanga iliyonaswa katika kitambaa huacha mkwaruzo kila inapopita. Pili, haivumilii baadhi ya kemikali. Spiriti, petroli, thina na dawa za kusafishia vioo zenye amonia huweza kuifanya ipasuke nyufa ndogo ndogo zisizohesabika, na tangi likaonekana lina ukungu usiofutika. Kwa hiyo kinachosafisha kioo cha dirisha au sufuria ya ugali kinaweza kuharibu akriliki. Hapo ndipo nusu ya jibu la msichana yule ilipo.

Kwa nini samaki walikufa

Nusu ya pili imo katika maji. Samaki hutoa amonia, ambayo ni sumu kwao wenyewe. Katika tangi lililokaa kwa majuma kadhaa, bakteria wanaoishi juu ya changarawe na kuta hubadili amonia kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu, na bakteria wengine huigeuza kuwa naitreti, isiyo na madhara makubwa. Wanafunzi walipoosha changarawe kwa sabuni, waliwaua bakteria hao. Sabuni iliyobaki ilizidisha madhara. Maji ya bomba nayo huwa na klorini, ambayo huunguza matamvua ya samaki. Basi usafi ule ulikuwa na mambo matatu yenye kuua, na hakuna hata moja linaloonekana kwa macho. Mtoto anayeelewa jambo hili ameanza kuelewa kwamba maji maangavu si lazima yawe maji salama. Hilo ni funzo litakalomfaa hata kisimani kwao.

Namna ya kusafisha

Tunashauri hatua zifuatazo, zifanywe mara moja kwa juma:

1. Siku moja kabla, wanafunzi wachote maji ya bomba katika ndoo zilizo wazi, wayaache darasani kwa saa 24. Klorini itapungua, na maji yatalingana na joto la tangi.

2. Wanafunzi wanawe mikono kwa maji matupu, wavue pete na bangili, na kila kitambaa kisuuzwe ili kuondoa mchanga.

3. Mwani ukwanguliwe kwa ukingo wa kadi ya plastiki isiyo na kasoro, kisha ukuta upanguswe kwa kitambaa laini cha pamba. Kitambaa kikianguka sakafuni, kisirudi katika tangi mpaka kisuuzwe.

4. Uchafu wa chini ufyonzwe kwa mpira mwembamba wa maji, na maji yatolewe robo tu. Tangi tulilotaja, likijazwa hadi kimo cha sentimeta 25, lina lita 45. Robo yake ni lita 11 na kidogo. Wanafunzi wenyewe wakokotoe.

5. Changarawe ikihitaji kusuuzwa, isuuzwe katika maji yaleyale yaliyotolewa tangini, tena nusu yake tu kwa mara moja.

6. Chokaa iliyoganda kwa nje, juu ya mstari wa maji, ilainishwe kwa siki iliyochanganywa na maji, kisha ifutwe.

Katika nyanda zetu kuna jambo moja la kuzingatia zaidi. Miji ya Mbeya na Iringa iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai ni wa baridi kali. Perege hupunguza sana kula maji yanapopoa chini ya nyuzi 16 hivi za Selsiasi. Mwalimu asiyepunguza chakula katika miezi hiyo atakuta mabaki yakioza chini, na tangi likichafuka upesi kuliko mwezi wa Novemba. Kadhalika, kwa sababu ya mwinuko, hewa yetu ina kani ndogo, na maji hubeba oksijeni pungufu kwa takriban moja ya sita kuliko maji ya joto lilelile pwani. Hivyo samaki wasisongamanishwe katika ndoo moja ndogo wakati wa kazi.

Namna ya kuondoa mikwaruzo

Ubora mmoja mkubwa wa akriliki ni kwamba uso wake ukiharibika huweza kurudishwa. Kwanza samaki wahamishwe na tangi limwagwe. Mkwaruzo mwembamba, usiosikika kwa ukucha, husuguliwa kwa dawa ya meno nyeupe juu ya kitambaa cha pamba. Ule unaosikika kwa ukucha huhitaji msasa wa maji. Anza na namba 600 au 800, kisha 1,000, kisha 1,500, na umalize na 2,000, daima ukiloweka maji ili plastiki isipate joto. Katika kila namba badili mwelekeo wa kusugua: kama kwanza ulisugua kwa kulala, sasa sugua kwa kusimama. Mistari ya namba iliyotangulia ikiisha yote, ndipo uendelee mbele. Mwisho ng'arisha kwa dawa ya meno, kisha suuza mara kadhaa kwa maji matupu. Wanafunzi wasishangae ukuta ukizidi kuwa na ukungu mwanzoni. Wauone, waulizwe sababu, kisha waone uwazi ukirudi polepole.

Namna ya kuziba panapovuja

Tangi likivuja, usikimbilie gundi. Kausha nje, tandika gazeti kavu chini yake, weka alama ya usawa wa maji kila saa. Maji yakiacha kushuka, tundu li karibu na usawa huo. Aghalabu mvujo huwa katika viungo vya chini, kwa kuwa kani ya maji huongezeka kwa kadiri ya kina.

Walimu wengi huziba kwa silikoni, kwani wameiona ikishika kioo barabara. Lakini silikoni hushika akriliki kwa udhaifu, na baada ya muda hubanduka. Kinachofaa ni gundi maalumu inayoyeyusha uso wa akriliki na kuunganisha vipande viwili kuwa kitu kimoja. Acha tangi likauke siku nzima au zaidi, kisha bandika kipande cha akriliki kwa ndani, ili maji yenyewe yakikandamize ukutani badala ya kukisukuma kibanduke. Kama ni ufa, toboa kwanza tundu dogo mwishoni mwake usiendelee kukimbia, kisha bandika kiraka.

Gundi hiyo hutoa mvuke wenye madhara. Itumiwe na mwalimu au fundi, nje ya darasa, mahali penye upepo, na wanafunzi wakae mbali. Baada ya saa 48 jaza maji ya kujaribia, yaache siku moja, yamwage, ndipo samaki warudi.

Mgawanyo wa kazi

Tunapendekeza darasa ligawanywe makundi ya watoto watano watano kwa zamu: kundi la maji, la ukuta, la vipimo na la kumbukumbu. Kutumia msasa wa maji wanaweza, chini ya uangalizi. Kutoboa na kugundisha ni kazi ya mtu mzima. Daftari la tangi lieleze tarehe, joto la maji, lita zilizobadilishwa na hali ya samaki. Samaki akifa, iandikwe amekufa, na darasa litafute sababu katika kurasa zilizotangulia. Mwalimu asijibu upesi kwamba aliugua.

Onyo moja lingine. Tangi likiwa kwenye matengenezo, wapo watakaoshauri samaki waachiwe mtoni. Wasiachiwe kamwe. Ziwa Nyasa, linaloanzia Kyela, lina mamia ya spishi za samaki ambazo karibu zote hazipatikani penginepo duniani. Katika Ziwa Viktoria, sato na sangara waliopandikizwa miaka ya 1950 walichangia kupungua sana kwa ngege, samaki wa asili wa ziwa hilo. Samaki wa tangi warudi katika bwawa walikotoka, au wakae kwenye beseni pana hadi kazi iishe.

Hitimisho

Azimio la Elimu ya Kujitegemea la mwaka 1967 lilitaka kazi ya mikono na elimu ya darasani viwe kitu kimoja. Mahali padogo pa kuyatimiza hayo ni ukuta wa tangi wenye mwani. Tangi lililofungiwa ofisini halichafuki wala halivuji, lakini pia halifundishi. Ni afadhali tangi lenye mikwaruzo michache ambayo watoto wanajua ilitokana na nini, na wanajua namna ya kuiondoa.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini kiraka hubandikwa ndani ya tangi na si nje?
2. Ungemjibu vipi msichana aliyeuliza kwa nini samaki walikufa, bila kulilaumu darasa?
3. Tayarisha somo la hisabati la dakika 40 kwa darasa la tano, ukitumia vipimo vya tangi la shule yako.
4. Taja mazoea mawili ya usafi wa nyumbani yasiyofaa kwa akriliki, na ueleze sababu.