KUFUNGA SI KUZIMA

Wahenga walinena kuwa mwanzo wa ngoma ni lele. Ngoma yangu ilianza vizuri. Taabu ilikuwa kuimaliza.

Shuleni kwetu hapa Makueni nilikuwa nikitengeneza tovuti ya maktaba. Kwa kuijaribu nilitumia Selenium, programu iliyoanzishwa na Jason Huggins mjini Chicago mwaka 2004. Hiyo hufungua kivinjari yenyewe, ikajaza fomu na kubonyeza vitufe kama mtu. Majaribio yote yalipita. Lakini ilipofika wakati wa kufunga kazi, kompyuta ikakwama tu! Nikamwambia mwalimu, "Mashine hii imezeeka." Wenzangu waliokuwa wakingoja zamu wakarudi darasani mikono mitupu.

Likizoni nilienda kwa nyanya Kitui. Siku moja nilijaza mtungi kisimani, nikafunga mfereji, nikashika njia. Nyanya akaniita: "Mjukuu wangu, umefunga mfereji na injini bado yanguruma. Mafuta ya nani hayo?" Nikaduwaa. Kumbe hata kompyuta nilikuwa naitenda vivyo hivyo!

Niliporudi shuleni nilichunguza hivi:

Kwanza, kila baada ya hatua niliagiza programu iandike "nimefika hapa". Nikaona inakwama pale seva ndogo niliyoiwasha kwa majaribio inapoambiwa izimike.

Pili, nilitazama orodha ya programu zinazoendelea. Kivinjari kilikuwa hai! Jaribio lilifungua madirisha mawili, nami nilitumia amri ya "close", ambayo hufunga dirisha moja tu. La pili lilikuwa limeishikilia seva, na seva ikawa yalingoja liiachilie.

Tatu, nikaweka "quit", ambayo huzima kivinjari chote pamoja na dereva wake.

Nne, nikapanga zamu: kilichowashwa mwisho kizimwe kwanza. Kivinjari, halafu seva.

Tano, amri hizo nikazitia ndani ya "finally", ili zitekelezwe hata jaribio likianguka.

Basi majaribio yakaisha salama. Nilimwendea mwalimu nikamwomba radhi, maana niliisingizia mashine uzee na kosa lilikuwa langu. Wenzangu nao wakapata zamu yao.

Wapenzi wa Kiswahili, lugha yetu ilikuwa imeshatufunza: mlango hufungwa, taa huzimwa. Ukiona kazi yako imekwama mwishoni, usikimbilie kulaumu mashine. Jiulize kwanza: nimefunga, au nimezima?