SOMO LA JIOGRAFIA: NJIA YA TORNADO YA MWAKA 1925



Katika kalasi wengine wameuliza: tornado ni kitu gani, na juu ya nini inabomoa nyumba moja na kuacha ile ya jirani? Ulizo hili ni zuri. Tutalijibu kwa mfano mmoja wa kweli, ule wa tarehe 18 Machi 1925 katika inchi ya Marekani. Tumeuchagua kwa sababu tornado ile ilipita sana katika mashamba na miji midogo, na kwa sababu watoto wa masomo kama sisi walikuwa kati ya waliokufa.

1. Tornado ni nini?

Kwetu watu wengi wakisema Kifaransa wanaita "tornade" kila mvua kali inayokuja na upepo na radi. Lakini wenye kujifunza hali ya hewa wanatenganisha vitu viwili. Upepo wa mvua yetu unasukuma kwa upande mmoja na unafunika mahali pakubwa. Tornado ya kweli ni upepo unaozunguka kwa nguvu sana, tangu wingu mpaka chini, katika njia nyembamba. Ndiyo sababu nyumba moja inavunjika na ya jirani inabaki.

Inazaliwa namna gani? Kule katikati ya Marekani hewa ya joto yenye maji inatoka kusini, Ghuba ya Mexico, na hewa baridi na kavu inatoka kaskazini na magharibi. Zikikutana, ile ya joto inapanda na kufanya mawingu makubwa. Kama upepo wa juu unakwenda mbio kuliko wa chini, na kwa upande mwingine, hewa inajiviringisha sawa gogo lililolala. Hewa inayopanda inalisimamisha lile gogo, na wingu linaanza kuzunguka. Kwetu karibu na ikweta radi ni nyingi sana, lakini hewa mbili zenye kutofautiana hivyo hazikutani mara nyingi. Kwa hiyo tornado ya kweli kwetu ni kitu cha nadra.

2. Njia yake

Ilianza saa saba mchana karibu na Ellington, katika jimbo la Missouri. Ikavuka mto Mississippi na kuingia Illinois, ikavuka mto Wabash na kuingia Indiana, ikaisha saa kumi na nusu karibu na Petersburg. Saa tatu na nusu, kilometa 352! Ni karibu mara nne ya urefu wa Ziwa Kivu. Upana wake ulipita kilometa moja tu. Ilienda mwendo wa kilometa karibu 100 kwa saa. Mtu wa miguu hawezi kuikimbia hata kidogo.

Tena wengi hawakuitambua. Tornado nyingi zinaonekana kama mkonga wa tembo unaoshuka kutoka wingu. Hii ilikuwa chini sana na imejaa vumbi. Watu waliona weusi tu, wakafikiri ni mvua ya kila siku.

3. Uharibifu

Watu 695 walikufa: 11 Missouri, 613 Illinois, 71 Indiana. Mpaka leo hakuna tornado nyingine ya Marekani iliyoua wengi hivyo. Katika mji wa Murphysboro peke yake walikufa 234. Huko De Soto wanafunzi walikuwa masomoni. Jengo likavunjika, na 33 kati yao wakafa. Huko West Frankfort wanaume wengi walikuwa chini ya udongo wakichimba makaa. Wao walipona, lakini walipotoka juu walikuta nyumba zimebomoka, na wake na watoto wao wamekufa.

Katika mashamba nyumba zilikuwa mbali mbali, na jirani hakuweza kumwonya jirani. Kati ya Griffin na Princeton, Indiana, mashamba karibu 85 yaliharibika. Mkulima alipoteza pamoja nyumba, ghala na wanyama, vitu ambavyo mtu anavikusanya miaka na miaka.

4. Neno lililokatazwa

Hapa ndipo penye fundisho kubwa. Tangu miaka ya 1880 ofisi ya hali ya hewa ya Marekani ilikataza kutumia neno "tornado" katika matangazo, ikiogopa watu wasishikwe na hofu. Siku ile walitangaziwa mvua, radi na upepo tu. Neno lilifichwa, lakini upepo haukuzuiliwa. Mwaka 1948, huko Oklahoma, maofisa wawili wa jeshi la anga, Fawbush na Miller, walitabiri tornado, na ikaja siku ile ile. Baadaye raia pia wakaanza kupewa maonyo. Kuficha hatari si kumhurumia mtu. Ni kumnyima nafasi ya kujiponya.

5. Na sisi?

Mvua zetu pia zinang'oa manjanja ya nyumba na kuangusha miti. Basi, wingu jeusi likikaribia, anayeliona kwanza aseme wazi, hata kama ni mdogo wa kalasi ya kwanza, na wakubwa wasimcheke. Tuache uwanja, tusisimame chini ya mti, tukae mbali na madirisha na kufunika kichwa. Manjanja yaliyolegea yapigwe misumari mbele ya majira ya mvua, si nyuma yake.

Upepo ukiisha tuangalie migomba. Kama yote imelala upande mmoja, ulikuwa upepo wa kusukuma. Kama imelala huku na huku, kwa kupishana, katika njia nyembamba, pengine hewa ilizunguka. Hivyo ndivyo wenye elimu wanavyosoma njia ya tornado.

Maulizo ya kujibu katika daftari:
1. Eleza tofauti kati ya tornado na upepo wa mvua yetu.
2. Kwa nini wachimbaji wa West Frankfort walipona?
3. Katika masomo yetu, nani anapaswa kuonya wengine, na kwa njia gani? Pigeni kengele? Zungumzeni na mwalimu wenu.