Pazia la kanga la kutunzia mifuko ya zipu

Siku mbili kabla ya Ramadhani nilikuwa na sambusa 80 zimepangwa kwenye sinia, tayari kuingia friza, na droo ya jikoni ikagoma kufunguka. Ndani yake mlikuwa na maboksi matatu ya mifuko ya plastiki ya zipu, yote yamechanika midomo, na juu yake mifuko niliyoiosha na kuisukumiza humo kwa miezi kadhaa. Nikaivuta droo kwa nguvu, boksi moja likapasuka, mifuko ikatapakaa sakafuni. Nikaiokota na kuirudisha vilevile, mipya kwa iliyotumika, kwa sababu mikono ilikuwa na unga na mafuta yalikuwa motoni.

Kesho yake nikamfungia mwanangu mkate wa shule katika mfuko nilioukuta juu ya rundo. Akaunusa, akaniambia, "Mama, huu unanuka samaki." Ulikuwa mfuko uliowahi kuhifadhi changu mbichi. Niliutupa, nikautupa na mkate, kisha nikakaa kwenye kiti cha jikoni nikafikiri ni mara ngapi imetokea hivyo bila harufu kunionya.

Ndiyo maana naandika juu ya jambo ambalo wengine wataliona dogo. Sisi Waswahili tulioko Marekani tunaishi kwa friza. Nazi za kukuna hazipatikani kila mtaa, kisamvu tukikibahatisha tunakinunua kwa wingi, na mwenye kufanya kazi zamu mbili hapiki kila siku. Mifuko ya zipu imekuwa chombo cha lazima kama sufuria. Lakini sufuria ina mahali pake, na mifuko hii tunaitupia popote.

Dawa niliyoipata ni pazia dogo la kanga lenye vyumba, linalotundikwa nyuma ya mlango wa stoo. Madukani vinauzwa vitu vya namna hiyo vya kitambaa au wavu, na anayeona uvivu kushona anunue. Ila vingi vina vyumba vya ukubwa mmoja, na mifuko hii haina ukubwa mmoja. Hapo ndipo penye kazi yote.

Chukua rula upime mifuko yako kabla hujagusa mkasi. Mfuko wa galoni moja, ule mkubwa, kwa kawaida una upana wa sentimita 27 hivi na kimo kama hicho. Wa robo galoni, ambamo huingia karibu lita moja, una upana wa sentimita 18 na kimo cha 19. Ule mdogo wa mkate una sentimita 16 na nusu kwa 15. Kampuni hutofautiana kidogo, na vipimo huandikwa kwenye boksi, lakini huwa kwa inchi: zidisha kwa 2.54 upate sentimita.

Kanga moja inatosha pazia zima na inabaki. Chagua kanga kuukuu iliyokwisha kulainika, isiwe ile uliyopewa ukiwa bibi harusi. Ifue na kuipiga pasi kwanza, maana kitambaa cha pamba hunywea kikifuliwa, na ukishona kabla ya kufua, vyumba vitakunja nyuso baada ya wiki mbili. Kata vipande viwili vya sentimita 42 kwa 90, uvilaze pamoja viwe mgongo wa pazia. Kanga ni nyepesi. Kipande kimoja peke yake kitalegea na mifuko itaning'inia kama nguo kwenye kamba. Kunja na kushona kingo mbili za pembeni, upana ubaki sentimita 38. Juu kunja mara moja ya kutosha kupitisha kijiti, chini piga upindo wa kawaida.

Vyumba vinakuwa safu tatu. Safu ya juu ina kina cha sentimita 14, na unaigawa kwa mshono wa wima: upande mmoja 20, upande wa pili 18. Ule wa 20 ni wa mifuko ya robo galoni, ambayo itachomoza juu sentimita 5 hivi, na huko kuchomoza ndiko unakokutaka, maana vidole vilivyo na unga vinahitaji pa kushika. Upande wa 18 ni wa mifuko ya mkate. Isimamishe kwa upande wake mrefu ili nayo ichungulie. Acha nafasi ya sentimita 8 kati ya safu na safu, la sivyo mkono hauingii. Safu ya kati ina kina cha 22, nayo unaigawa 30 kwa 8. Pale penye 30 pakae mifuko ya galoni. Kile kichumba chembamba cha sentimita 8 usikidharau: ndicho cha maka peni na mkanda wa karatasi, na bila hivyo viwili friza itakuwa bahati nasibu.

Safu ya chini ni ya wavu, siyo ya kanga. Nilikata pazia kuukuu la dirisha, lile jepesi linalopitisha mwanga. Kina chake ni sentimita 25 na haina mgawanyiko. Humo inaingia mifuko iliyooshwa tu, na wavu unaipa hewa. Kama una nguvu ya kushona chumba kimoja tu mwaka huu, shona hiki, kwa sababu ndicho kinachotenga mfuko uliotumika na ule mpya, na ndicho kingeniokoa siku ile ya mkate.

Usishone vyumba vikiwa vimebana kitambaa cha mgongo. Kata kipande cha chumba kiwe kirefu kidogo kuliko unavyotaka, upinde ukingo wa juu mara mbili kwanza, kisha ndipo ukibandike. Ukingo wa juu ndio unaovutwa kila siku. Usipopindwa utachanika nyuzi. Na pembe za juu za kila chumba zirudie kushona mara tatu, huku na huku, kama fundi anavyofanya kwenye mfuko wa suruali.

Kutundika sasa. Wengi wetu ni wapangaji, na mwenye nyumba akikuta tundu la drili anakata dipoziti. Pazia hili likijaa halifiki kilo moja, kwa hiyo kulabu mbili za kubandika zinatosha, ukifuta mlango kwa spiriti na kuuacha ukauke kabla ya kubandika. Zipo pia kulabu za chuma zinazokaa juu ya mlango bila gundi. Hizo ndizo ninazozipenda, ila angalia mlango bado unafunga. Pitisha kijiti cha mbao kwenye upindo wa juu ili kitambaa kisikusanyike katikati.

Mahali penyewe pawe mbali na jiko. Plastiki hii ni polithini laini, na huanza kuyeyuka kwenye joto la nyuzi 110 za Selsiasi hivi. Kanga nayo ni pamba, moto hauiogopi. Mbali na mvuke wa sinki pia, maana mfuko mpya ukipata unyevu ndani unakuwa sawa na mfuko mchafu. Na kwenye nyumba yenye watoto wadogo, chumba cha chini kabisa kipite kimo cha mikono yao. Mfuko wa plastiki ukifunika pua na mdomo wa mtoto unaziba hewa mara moja, na mtoto hana nguvu ya kuubandua. Hili nalisema kwa uzito wote: afadhali pazia likusumbue wewe kulifikia.

Mama mkwe wangu alipokuja kutoka Tanga alikaa nasi miezi mitatu. Wiki ya kwanza alinikuta natupa mfuko uliokuwa na vitunguu maji, akauchukua kutoka kwenye pipa. "Mwanangu, mfuko mzima huu, hata zipu haijalegea." Akauosha, akaugeuza nje ndani, akauvisha kwenye mwiko uliosimama ndani ya gilasi. Ukakauka kama soksi. Tangu siku hiyo, hiyo ndiyo njia yetu, nami sijaona iliyo bora.

Lakini si kila mfuko unaoshwa, na hapa mama na mimi tulijadiliana sana mpaka tukakubaliana. Mfuko uliobeba nyama mbichi, kuku, samaki au mayai mabichi unatupwa, hata ukionekana safi. Vijidudu hujificha kwenye mifereji ya zipu ambako sponji haifiki. Itazame kwa karibu: upande mmoja una tuta jembamba, upande wa pili una mfereji, na tuta huingia kwenye mfereji ukibonyeza. Ujanja huo ndio uliofanya mifuko hii ipendwe tangu kampuni ya Dow Chemical ilipoanza kuuza Ziploc mwaka 1968, na ujanja huohuo ndio unaokamata mabaki ya damu na mafuta. Utupe pia mfuko uliokuwa na karanga ikiwa nyumbani au shuleni kuna mtoto anayedhurika na karanga, na mfuko wowote ulioota ukungu.

Uliobeba mkate, chapati, mboga zilizooshwa, mchele au viungo vikavu unaoshwa kwa maji ya vuguvugu na sabuni. Maji yanayochemka yanaulegeza. Usuuze, uukaushe kabisa, kisha jaza hewa, funga zipu na uubonyeze polepole karibu na shavu lako. Ukihisi upepo, kazi yake ya chakula imekwisha. Tunzia vifungo au misumari. Ulio mzima uingie chumba cha wavu. Chumba kikijaa mpaka hakichukui zaidi, acha kufungua boksi jipya. Kwetu boksi la robo galoni lililokuwa likiisha kwa mwezi sasa linakwenda karibu miezi minne.

Kwa kuwa mifuko sasa inaonekana, na friza nayo imenyooka. Tui la nazi nalimimina kwenye mfuko wa robo galoni, naacha nafasi ya vidole viwili juu kwa sababu kimiminika kikiganda kinatanuka, natoa hewa, nalaza mfuko juu ya sinia mpaka uwe kama kigae. Vigae vinasimamishwa kama vitabu. Sambusa zigandishwe kwanza zikiwa zimetawanywa kwenye sinia, ndipo ziingie mfuko wa galoni, la sivyo zitashikana na utazitenganisha kwa kisu. Chapati tenga kwa karatasi ya kuokea. Chakula cha moto kiache mvuke uishe, lakini kisikae nje zaidi ya saa mbili. Friza iwe nyuzi 18 chini ya sifuri. Andika jina na tarehe kabla ya kutia chakula, kwa sababu maka peni haishiki kwenye mfuko wenye jasho. Bandika mkanda wa karatasi, andika juu yake. Ukiosha mfuko unabandua mkanda na kuandika upya.

Mfuko uliokwisha kabisa usiutie kwenye pipa la kurejeleza la nyumbani, maana plastiki nyembamba hujinasa kwenye mashine za kuchambulia. Baadhi ya maduka makubwa yana visanduku mlangoni vya kupokea plastiki laini iliyo safi na kavu. Soma tangazo lao wanapokea nini.

Na unapofunga safari ya nyumbani, pazia hilohilo lina kazi. Uwanja wa ndege wa Marekani unakutaka vimiminika vya mkononi viwe katika vichupa visivyozidi mililita 100, vyote ndani ya mfuko mmoja wa robo galoni unaoonyesha ndani. Chomoa mmoja kwenye chumba cha juu cha sentimita 20, basi. Ila usijaze begi mifuko ukidhani unapelekea ndugu zawadi. Rwanda ilikataza mifuko ya plastiki kwa sheria ya mwaka 2008, Kenya kuanzia tarehe 28 Agosti 2017, Tanzania Bara kuanzia tarehe 1 Juni 2019, na Zanzibar ilishatangulia. Tanzania ilipotoa tangazo kwa wasafiri iliruhusu mfuko wa zipu wa vifaa vya kuogea, kwa sharti kwamba abiria abaki nao na aondoke nao. Mifuko uliyofungia nguo na viatu itoe kabla ya kuondoka, utumie vitambaa. Sheria hizi zinarekebishwa, kwa hiyo soma tangazo la nchi unakokwenda wiki ya safari.

Mama mkwe alipokuwa akifunga mizigo yake alinionyesha pazia kwa kidole. Nikamshonea la pili, vyumba vilevile, bila mfuko hata mmoja ndani. Amelitundika nyuma ya mlango wa jiko kule Tanga: juu ametia vitambaa vya kuchujia tui na karatasi za kufungia bagia, kati anatunza vifuko vya khaki vya iliki na binzari, na kile kichumba cha sentimita 8 amekitia kisu cha kumenyea vitunguu, ncha yake ameichomeka kwenye kizibo ili isitoboe kanga.