Pikipiki Kuukuu Isiyotulia

Katika Miono na vijiji vya jirani, tangu Mandera hata njia ya Saadani, pikipiki ndiyo miguu ya watu wengi. Mchana hupeleka mazao sokoni, na usiku humchukua mgonjwa. Basi injini ikizima kila mwendeshaji alegezapo mkono, jambo hilo si udhia tu, ni hatari. Wako wanaokaza skrubu ili injini ivume juu daima. Dawa hiyo hula petroli, na gia itiwapo chombo huruka mbele. Wengine hununua kabureta mpya, na ugonjwa hubaki palepale.

Leo twapenda kuonyesha jinsi ya kuutafuta ugonjwa kwa taratibu. Mfano wetu ni Honda CG125, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1976, kwani injini nyingi za Kichina zimefuata umbo lake.

Kwanza yafaa kujua kazi yenyewe. Mkono ulegezwapo, injini hunywa petroli kwa kitundu chembamba sana cha jeti ndogo. Huu ndio mwendo ambao mafundi huuita sailensi. Kwa hiyo pikipiki ikienda vizuri kwa kasi lakini ikazima isimamapo, shuku jeti ndogo au hewa inayoingia pasipo njia yake. Ikizima katika kila mwendo, tazama bomba la petroli, tundu la hewa katika kifuniko cha tangi, na plagi. Kisha fuata mpango huu:

1. Zungusha usukani kulia na kushoto, injini ikinguruma. Mlio ukipanda, waya wa mafuta umevutwa mno.

2. Fungua plagi. Rangi ya kahawia ni afya. Masizi meusi makavu yaonyesha petroli kuzidi, au choki kukwama, au chujio la hewa kujaa vumbi. Weupe waonyesha hewa kuzidi. Nafasi ya plagi iwe milimita 0.6 hata 0.7.

3. Mwaga petroli iliyo katika bakuli la kabureta ndani ya chombo cheupe. Maji hukaa chini kama shanga. Petroli ya chupani mara nyingi huwa nayo. Safisha jeti kwa kupuliza, wala usiichokoe kwa waya, maana kitundu kikipanuka hakirudi.

4. Dondoshea maji ya sabuni penye maungio ya kabureta na injini. Mlio ukibadilika, pana ufa. Na usipoziba ufa utajenga ukuta.

5. Injini ikizima ikiwa ya moto tu, pima tapeti asubuhi ingali baridi. Kwa CG125 nafasi ni milimita 0.08 kwa vali zote mbili. Vali iliyobanwa mno haifungi sawasawa injini ipatapo moto, na nguvu hupotea.

Mambo hayo yakiisha, ndipo skrubu ziguswe, wala si kabla. Pasha injini moto, kisha uizime. Funga polepole skrubu ndogo ya ubavuni hata ikome, ukihesabu mizunguko. Andika hesabu hiyo upate kurudi ulikotoka, kisha irudishe palepale. Washa injini, izungushe kidogo kidogo mpaka mlio uwe juu na laini, halafu punguza mwendo kwa skrubu ya sailensi.

Kazi hii ifanywe uwanjani, si chumbani. Moshi wa injini una hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo huua mtu akiwa kama asinziaye. Na sigara iwe mbali na petroli.

Badilisha jambo moja kwa mara moja, ukajaribu, ndipo uendelee na la pili. Mwenye kubadilisha matatu pamoja, hata akipona chombo chake, hajui kilichomponya, na siku ugonjwa utakaporudi ataanza upya.