Mbwa Aliyepasuliwa Akirudi Nyumbani

Mpwapwa ni mji wa mifugo tangu mwaka 1905, Wajerumani walipoweka kituo hapa. Leo tunayo taasisi ya utafiti ya TALIRI na chuo cha LITA, na wapo ng'ombe wanaoitwa kwa jina la mji wetu. Lakini mbwa, yule anayelala nje ili fisi asiingie zizi la mbuzi, hukumbukwa akishaumia. Siku hizi baadhi ya familia humpeleka kwa daktari wa mifugo akahasiwe, aondolewe kizazi, au ashonwe jeraha. Kazi ya daktari huisha siku hiyo hiyo. Kazi ya familia huchukua siku 10 hadi 14, na hapo ndipo mambo huharibika.

Nasema hivyo kwa sababu yalinipata. Nilimrudisha jike wetu akiwa ameshonwa vizuri, na kwa kuwa kesho yake alionekana mchangamfu nikamfungulia. Asubuhi ya siku ya tatu nyuzi nne hazikuwepo. Alikuwa amezing'oa kwa meno usiku. Ikabidi ashonwe upya, na gharama nikalipa mara mbili.

Usiku wa kwanza mbwa bado ana dawa ya usingizi mwilini. Mlaze kwa ubavu juu ya gunia safi, ndani ya nyumba, mbali na moto na mbali na mbwa wengine. Mfunike, maana dawa hiyo hushusha joto la mwili, na baridi yetu ya Juni na Julai mnaijua. Asimiminiwe maji wala uji mdomoni kabla hajaamka sawasawa. Vitaingia kwenye mapafu. Akiweza kusimama, mpe maji kidogo kidogo, kisha robo ya chakula chake cha kawaida, kwa mfano ugali laini wenye mchuzi usio na chumvi wala vitunguu. Fizi zake ziwe na rangi ya waridi. Zikiwa nyeupe, naye amelegea au tumbo linavimba, huenda damu inavuja ndani. Usingoje kupambazuke.

Watu wengi huamini kwamba ulimi wa mbwa ni dawa. Si kweli. Mate yake yana vijidudu, ulimi wake hukwaruza, na baada ya ulimi hufuata meno. Kama daktari hakukupa kola ya plastiki, chukua ndoo ndogo inayotosha kichwa, kata kitako, lainisha ukingo kwa kitambaa, toboa matundu na uifunge kwenye mkanda wa shingoni. Ndoo ipite pua kidogo, naye aweze kupumua, kunywa na kula. Atagongagonga milango siku moja, kisha atazoea. Kwa jeraha la tumbo, fulana kuukuu nayo husaidia: kichwa kipite shingoni, miguu ya mbele mikononi, na upande wa nyuma ufungwe fundo juu ya mgongo. Ikilowa, ibadilishwe.

Afungwe kwa kamba fupi kivulini, atolewe kwenda haja tu, asikimbie wala kuruka. Asiogeshwe, na dawa ya josho isimguse mpaka nyuzi zitoke. Kidonda kitazamwe asubuhi na jioni. Wekundu kidogo na uvimbe mdogo siku za mwanzo si ajabu. Usaha, harufu mbaya, kidonda kufunguka, au funza wa nzi, hayo ni ya kumrudisha kwa daktari. Majivu, oili chafu, unga wa betri na kinyesi cha ng'ombe visikaribie hapo, hata kama jirani anaapa kwamba vilimponya mbwa wake.

Akitetemeka au kukataa chakula, pengine anaumwa. Hapo mama au baba mwenye huruma hufungua kopo la dawa za nyumbani. Tafadhali acheni. Brufen na diklofenaki huweza kutoboa tumbo la mbwa na kuua figo zake, na Panadol nayo huweza kumdhuru vibaya. Mpeni dawa aliyoandikiwa yeye, kwa kipimo chake, na mwimalize.

Watoto wakae mbali kidogo. Mbwa mwenye maumivu huweza kumng'ata hata anayempenda. Na kama jeraha lililoshonwa lilitokana na kung'atwa na fisi, mbweha au mbwa asiyejulikana, mwambieni daktari wazi, maana kichaa cha mbwa huweza kujificha wiki nyingi kabla ya dalili. Mtu aking'atwa, au mate yakiingia kwenye mkwaruzo, aoshe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile akaulizie sindano. Dalili zikishaanza kwa binadamu, ni nadra mno kupona.

Jambo moja ambalo wengi hawaambiwi: dume aliyehasiwa aweza bado kumtia jike mimba kwa wiki kadhaa. Jike aliyeondolewa kizazi akiwa kwenye joto naye huendelea kuvuta madume siku kadhaa, na wakimpanda kidonda cha ndani hupasuka. Mtenganisheni.

Nyuzi za ngozi hutolewa na daktari kati ya siku ya 10 na ya 14. Msizikate kwa wembe nyumbani. Siku hiyo mpelekeni akiwa na ndoo yake shingoni, na mumwulize daktari kama chanjo ya kichaa imefika wakati wake.